Goti la Puig, subira ya Red Bulls: Safari mbili zilizokutana Carson

Na Mwandishi Wetu

DAKIKA ya 85, Carson, California. Ubao unasoma 0-0. Riqui Puig anapokea mpira katikati ya uwanja, anainua kichwa, anapenyeza pasi moja ya kisu katikati ya mabeki wa Seattle Sounders. Dejan Joveljić anaifuata, anaweka kambani. LA Galaxy 1, Seattle 0. Galaxy wanatinga fainali ya Ligi Kuu ya Marekani, MLS.

Kitu ambacho watu wengi uwanjani hawakukijua usiku ule wa Novemba 30, 2024 ni kwamba Mhispania huyo alipiga pasi ile akiwa amechanika ligamenti ya goti la kushoto. Aliumia kipindi cha pili, akagoma kutoka, akaendelea kucheza. Vipimo vilipokuja, ikawa habari mbaya kabisa: fainali hachezi, na miezi mingi mbele yake ni ya matibabu.

Yaani mtu aliyeipeleka timu fainali ndiye aliyelipa nauli ya safari nzima kwa goti lake.

Usiku huohuo, upande wa pili wa nchi, vijana wa New York Red Bulls walikuwa wanaruka na kukumbatiana ugenini Orlando. Nao walikuwa wameshinda 1-0. Timu ambayo hakuna aliyeipigia hesabu ilikuwa imebakiza mechi moja tu kufikia kitu ilichokitafuta tangu ligi hiyo ianze mwaka 1996.

Hapa Bongo, MLS wengi tunaifuatilia kwa ajili ya Lionel Messi. Messi akitolewa, tunazima simu. Lakini mtoano wa 2024 ulianza kunoga pale Messi alipoondoka, na ukituliza akili kuuangalia, una somo ambalo hata vijiwe vyetu vinaweza kulibishania.

UTARATIBU WENYEWE UKOJE?

Kwanza tuelewane. Kwetu, anayeongoza kwa pointi mwisho wa msimu ndiye bingwa. Mchujo tunaujua kwa timu zinazopigania kutoshuka daraja. Marekani mambo ni tofauti.

Msimu wa 2024 MLS ilikuwa na timu 29, zikagawanywa Kanda ya Mashariki na Kanda ya Magharibi. Kila timu ilicheza mechi 34. Anayemaliza na pointi nyingi kuliko wote anapewa ngao, anapigiwa makofi, lakini kombe kubwa bado. Timu tisa za kila kanda zinaingia mtoano, na hapo ndipo bingwa anapopatikana.

Timu ya nane na ya tisa zinaanza kwa kukutana mechi moja ya kufa au kupona. Baada ya hapo inakuja raundi ya kwanza, ambayo anayewahi kushinda mechi mbili kati ya tatu ndiye anayepita. Hakuna sare wala dakika 30 za nyongeza: dakika 90 zikiisha mko sawa, mnakwenda moja kwa moja kwenye penalti. Kuanzia nusu fainali ya kanda ni mechi moja tu, ukifungwa umekwenda.

Sasa pointi za msimu zina kazi gani? Zina kazi moja kubwa: zinanunua uwanja wa nyumbani. Mwenye pointi nyingi ndiye anayekaribisha mgeni, mpaka kwenye fainali. Kumbuka jambo hili, tutalirudia.

MESSI ANAAGA MAPEMA

Inter Miami walimaliza msimu na pointi 74, rekodi ya MLS. Walikuwa na Messi, Luis Suárez, Sergio Busquets na Jordi Alba. Kila mtu aliona njia nyeupe.

Upande wao walipangiwa Atlanta United, timu ya tisa, iliyoingia kwa mlango wa nyuma baada ya kuitoa CF Montréal ya Mkenya Victor Wanyama kwa penalti. Miami walishinda mechi ya kwanza 2-1. Ya pili wakafungwa 2-1. Ya tatu, Novemba 9, nyumbani kwao, wakalala 3-2. Kwisha habari.

Pointi 74 zikabaki kwenye makaratasi. Atlanta nao wakatolewa na Orlando City kwa bao 1-0. Mlango wa Mashariki ukabaki wazi, na aliyeutumia ni yule ambaye hakuna aliyekuwa anamtazama.

RED BULLS: KUTOKA NAFASI YA SABA

Red Bulls walimaliza nafasi ya saba Mashariki. Ushindi 11, sare 14, vipigo tisa, pointi 47. Timu ya sare sare, ngumu kufungwa lakini si ya kutisha. Kocha wao, Mjerumani Sandro Schwarz, alikuwa kwenye msimu wake wa kwanza. Nahodha Emil Forsberg, Msweden aliyetoka RB Leipzig, alikosa sehemu kubwa ya msimu kwa majeraha.

Kama hiyo haitoshi, Septemba walipigwa 5-1 kwenye uwanja wao na majirani zao New York City FC. Mabao matano nyumbani, tena kwenye dabi! Timu nyingine ingekuwa imeshajiandalia likizo.

Raundi ya kwanza wakapangiwa Columbus Crew. Hawa ndio waliokuwa mabingwa watetezi, na katikati ya mwaka walikuwa wamebeba pia Kombe la Ligi linalozikutanisha timu za Marekani na Mexico. Karatasini hapakuwa na mechi.

Oktoba 29, Red Bulls wakaenda Ohio, wakashinda 1-0 kwa bao la Mruguai Felipe Carballo. Watu wakasema ni bahati. Novemba 3 wakarudiana Harrison, New Jersey, dakika 90 zikaisha 2-2, wakaenda kwenye mikwaju ya penalti. Kipa Carlos Coronel akasimama imara, Red Bulls wakashinda 5-4. Bingwa mtetezi akavuliwa taji na timu ya saba bila hata kuhitaji mechi ya tatu.

Halafu ikaja ile dabi tena. Novemba 23, mechi moja tu, dhidi ya walewale New York City waliowapiga tano. Mechi ilipigwa Citi Field, uwanja wa besiboli ulioko Queens, na wenyeji walikuwa New York City.

Safari hii mambo yakageuka. Carballo akafunga tena, Mbelgiji Dante Vanzeir akaongeza la pili kabla ya mapumziko, mechi ikaisha 2-0. Deni la Septemba likalipwa katika mechi ambayo uzito wake ulikuwa mara kumi ya ile ya mwanzo. Mashabiki wa Simba na Yanga wanaelewa maana yake: unaweza kufungwa dabi ya ligi ukavumilia, lakini kumtoa mtani kwenye mtoano ni kitu cha kusimulia wajukuu.

Wiki moja baadaye, Orlando. Dakika mbili baada ya kipindi cha pili kuanza, beki Mkolombia Andrés Reyes akapanda juu na kufunga kwa kichwa. Red Bulls wakakaza, wakaziba, wakamaliza 1-0.

Angalia ilivyokuwa: mechi nne za mtoano, tatu kati ya hizo ugenini, na kwenye hizo tatu za ugenini hawakuruhusu bao hata moja.

GALAXY: KUTOKA SHIMONI

Ukisikia jina LA Galaxy unamkumbuka David Beckham, Landon Donovan, Robbie Keane, na baadaye Zlatan Ibrahimović. Ni klabu kubwa. Walikuwa na makombe matano: 2002, 2005, 2011, 2012 na 2014. Hakuna klabu nyingine ya MLS iliyofikia hapo.

Lakini baada ya 2014, kimya. Mwaka 2023 ndio ulikuwa aibu yenyewe. Vikundi vya mashabiki viligoma kwenda uwanjani vikitaka uongozi uondoke, rais wa klabu akatimuliwa katikati ya msimu, na klabu ilikuwa imefungiwa kusajili wachezaji kutoka nje katika dirisha la katikati ya mwaka kwa makosa ya miaka ya nyuma. Walimaliza nafasi ya 13 kati ya timu 14 za Magharibi.

Kocha alikuwa Greg Vanney. Watu walitarajia naye afukuzwe, lakini akabaki. Na huyu bwana ana historia yake na klabu hii. Alikuwa mchezaji wa Galaxy tangu ligi inaanza 1996. Akacheza fainali ya 1996, wakafungwa. Fainali ya 1999, wakafungwa. Fainali ya 2001, wakafungwa. Akaondoka kwenda Ufaransa, na mwaka uliofuata, 2002, Galaxy wakabeba kombe bila yeye. Aisee, kuna watu wana mikosi.

Kama kocha alishabeba kombe akiwa na Toronto FC mwaka 2017. Ila na Galaxy, kwake, palikuwa bado na kidonda.

Kabla ya msimu wa 2024 klabu ikaingia sokoni kwa nguvu. Wakamleta winga Mbrazili Gabriel Pec kutoka Vasco da Gama, wakamleta Mghana Joseph Paintsil kutoka Genk ya Ubelgiji. Ukijumlisha na Puig aliyetoka Barcelona mwaka 2022 na straika Mserbia Joveljić, wakapata safu ya watu wanne ambao kila mmoja alifikisha mabao kumi au zaidi msimu huo. Nyuma alikuwepo mkongwe Mjapani Maya Yoshida, aliyekuwa nahodha wa Japan kwenye Kombe la Dunia Qatar. Mwezi Agosti akaongezeka Marco Reus, gwiji wa Borussia Dortmund ambaye hakuwahi kubeba ubingwa wa ligi maisha yake yote.

Galaxy wakamaliza na pointi 64, sawa na majirani na mahasimu wao LAFC. Lakini siku ya mwisho walipoteza 2-1 ugenini Houston, wakaiachia LAFC nafasi ya kwanza ya Magharibi. Siku ile ilionekana wameharibu kila kitu, kwamba njia ya fainali sasa ingepita kwa LAFC.

Mtoano ulipoanza, wakawasha moto. Oktoba 26 wakaichapa Colorado Rapids 5-0. Novemba 1 wakaifuata kwao, wakaipiga 4-1. Novemba 24 wakaikaribisha Minnesota United, wakaitandika 6-2. Mechi tatu, mabao 15. Hiyo ni timu inayofunga kama inacheza mazoezini.

Siku moja kabla ya mechi ya Minnesota, Seattle walikuwa wamewafanyia Galaxy hisani bila kukusudia: waliitoa LAFC kwa 2-1 katika dakika za nyongeza, kwenye uwanja wa LAFC wenyewe. Ghafla Galaxy ndio wakawa wenye pointi nyingi waliobaki Magharibi. Fainali ya kanda ikaja Carson. Na Red Bulls waliposhinda Orlando, fainali kuu nayo ikabaki Carson, kwa sababu 64 ni zaidi ya 47.

Halafu ndo ikatokea ile mechi ya Seattle na goti la Puig.

MIAKA 16, UWANJA ULEULE

Sasa hapa kuna kitu ambacho mashabiki wa Red Bulls hawakuhitaji kukumbushwa.

Klabu hiyo ilianza 1996 ikiitwa MetroStars, ikiwa mmoja wa waanzilishi kumi wa ligi. Ilishabeba ngao ya pointi mara tatu: 2013, 2015 na 2018. Thierry Henry alicheza pale. Kufikia 2024 walikuwa wameingia mtoano misimu 15 mfululizo, rekodi ya MLS. Lakini kombe la fainali, sifuri.

Fainali pekee waliyowahi kucheza kabla ya hapo ilikuwa 2008. Mwaka huo pia waliingia mtoano kwa shida, wakawashangaza watu, wakafika fainali. Wakafungwa 3-1 na Columbus Crew. Mechi ilichezwa wapi? Carson, California, kwenye uwanja huohuo.

Kwa hiyo Desemba 7, 2024, Red Bulls walirudi pale walipoliachia kombe miaka 16 iliyopita. Safari hii walikuwa tayari wameshaitoa Columbus njiani. Ukiwa shabiki wao, lazima uamini kuna kitu kinaandikwa.

Na Galaxy hawakuwa na Puig. Injini haipo. Swali kubwa la wiki nzima lilikuwa nani atapiga zile pasi.

JIBU LILIKUJA DAKIKA YA TISA

Mechi ilianza saa 6:00 usiku kwa saa za Afrika Mashariki, muda ambao wengi wetu tulishalala na wachache wenye wazimu wa mpira tulikuwa tunapambana na usingizi na bando.

Galaxy walimwanzisha Mruguai Gastón Brugman, kiungo ambaye majeraha yalimsumbua na hakuwa jina la kwanza kwenye midomo ya watu. Dakika ya tisa akapokea mpira, akatuma pasi ya kupenyeza katikati kabisa ya ngome ya Red Bulls. Paintsil akakimbia nayo, akapiga, bao. Ilikuwa pasi ambayo ungedhani kaipiga Puig mwenyewe.

Paintsil alipokwenda kushangilia, alinyanyua juu jezi ya Puig. Mwenyewe alikuwa pale uwanjani kama mtazamaji, amevaa suti.

Dakika ya 13 Joveljić akaongeza la pili. Dakika 13 tu, mabao mawili, kwa timu ambayo haikuwa imeruhusu bao ugenini mtoano mzima. Wapo waliodhani zinakuja sita kama za Minnesota.

Lakini Red Bulls si watu wa kulala chini. Dakika ya 28, mpira wa kona ukaleta kizaazaa, beki Sean Nealis akaukandamiza wavuni: 2-1. Kuanzia pale ikawa mechi. Galaxy waliozoea kufunga kwa raha wakalazimika kujifunza kuteseka. Kipindi cha pili Red Bulls wakasukuma, wakatafuta, dakika zikayoyoma. Bao la kusawazisha halikuja.

Galaxy 2, Red Bulls 1. Kombe la sita kwa Galaxy, la kwanza baada ya miaka kumi. Brugman akachaguliwa mchezaji bora wa fainali. Kipa John McCarthy, aliyewahi kuchukua tuzo hiyohiyo mwaka 2022 akiwa na mahasimu LAFC, akabeba kombe na upande wa pili wa jiji. Reus akapata ubingwa wa ligi ambao Ujerumani ulimkataa. Na Vanney, aliyefungwa fainali tatu akiwa na jezi ya Galaxy, hatimaye akaunyanyua mzigo.

HESABU HAIDANGANYI

Nilikaa na kalamu nikajumlisha. Galaxy walicheza mechi tano za mtoano, wakafunga mabao 18, wakaruhusu manne. Red Bulls walicheza mechi tano, wakafunga saba, wakaruhusu manne.

Umeona? Mabao ya kufungwa ni sawasawa. Kwa ulinzi, timu ya saba ya Mashariki ilikuwa sawa na bingwa.

Tofauti ya kwanza ni moto wa mbele, na hiyo inaeleweka. Tofauti ya pili ndiyo ninayotaka kuisema. Galaxy walicheza mechi nne kati ya tano nyumbani. Red Bulls walicheza nne kati ya tano kwenye viwanja vya wenzao. Na mwaka 2024 hakuna timu iliyokwenda Carson kwenye mechi ya ligi ikatoka na ushindi.

Kwa hiyo wale wanaosema mtoano ni bahati nasibu, kwamba pointi za msimu hazina maana, wako sawa nusu. Muulize Messi, atakuambia pointi 74 hazikumsaidia. Lakini waulize Red Bulls: zile sare 14 zilikuja kuwadai mwishoni. Pointi walizoziacha kwenye mechi ambazo hakuna anayezikumbuka ndizo zilizowapandisha ndege kwenda California badala ya kuwafanya wawe wenyeji New Jersey.

Je, utaratibu huu ungefaa kwetu? Mimi sitaki kuona timu iliyopambana mechi 30 inanyang'anywa ubingwa kwa penalti moja. Lakini pia nakiri, ligi yetu ikishaamuliwa mapema, mechi za mwisho zinachezwa na viti vitupu. Ligi ambayo timu ya saba bado ina ndoto mwezi Desemba haiwezi kulala. Bishaneni huko kijiweni.

Kuna kijana mmoja ambaye nadhani alizitazama mechi hizi kwa jicho tofauti: Bernard Kamungo, aliyezaliwa kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma na ambaye mwaka huo wa 2024 alikuwa anacheza FC Dallas katika ligi hiyohiyo. Siku akifika fainali, hakuna atakayelala hapa nchini.

Mwaka ule wa 2024 kombe lilibaki Carson. Red Bulls walirudi nyumbani mikono mitupu kwa mara ya pili kutoka kwenye uwanja uleule. Na Puig alibaki na medali ya ubingwa shingoni na goti lililokuwa linasubiri kupona. Ukimuuliza shabiki yeyote wa Galaxy kombe hili lilishindwa siku gani, wengi hawatakutajia Desemba 7. Watakutajia Novemba 30, dakika ya 85.